Treni ya Baba na Betri Yangu

Ni mimi niliyeigusa ile kompyuta. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kabla sijapata nafasi ya kulizungushia maneno, kwa sababu kwa wiki sita nilimkania baba yangu mzazi. Mara ya kwanza nilitikisa kichwa tu. Mara ya pili nilijifanya nimeudhika kuulizwa. Mara ya tatu niliapa wallahi, huku mkono mmoja umeshika kipande cha muhogo wa kuchemsha. Na mimi ni mtu mwenye shahada mbili. Wapo wanaodhani elimu inampunguzia mtu uongo. Kwangu iliuongezea mpangilio.

Baba aliendesha treni kwa miaka thelathini na ushee, zaidi kati ya Tabora na Kigoma. Alipostaafu alirudi kwenye nyumba yake hapa Kanyenye, mjini Tabora, akiwa na baiskeli, redio, na tabia ya kuamka kabla ya kila mtu kana kwamba kuna abiria wanamngoja. Miaka michache baada ya Mama kufariki, ndoa yangu na kazi yangu ya chuo zilikwisha ndani ya mwaka mmoja, nikahamia kwake. Rasmi nilikuja kumtunza. Kwa kweli ni yeye anayekwenda kununua mkate.

Mchezo wa kompyuta ulioanzisha yote haya uliletwa na kaka yangu anayeishi Dar es Salaam. Alikuja kwetu wakati wa Idi, akaona Baba anakaa barazani mchana kutwa anasikiliza redio, akaniomba kompyuta ninayoandikia. Alichomeka kifaa chake, akangoja, akabonyeza hapa na pale, kisha akamwita mzee.

Ulikuwa mchezo wa kuendesha treni. Si wa kitoto hata kidogo: kuna breki za kichwa cha treni na breki za mabehewa, kuna ratiba, kuna ishara nyekundu na kijani njiani, na ukifunga breki kwa pupa abiria wanayumba. Njia zote ni za nchi za baridi. Baba aliinama akatazama milima iliyofunikwa na theluji kwenye kioo.

"Usukani uko wapi?" niliuliza mimi, nikitaka kusaidia.

"Treni haina usukani, mayu. Usukani ni wa basi." Huniita mayu, yaani mama kwa Kinyamwezi, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, lakini siku hiyo alilitamka kama mtu anayeongea na mtoto wa chekechea.

Tangu siku hiyo, kila baada ya swala ya alasiri, Baba alivaa shati safi, akakaa mezani kwangu, akaendesha. Majina ya stesheni za kule yalimshinda, kwa hiyo aliyabadilisha kwa yale ya njia yake ya Kigoma. Stesheni ya kwanza ikawa Usoke, ya pili Urambo, ya tatu Kaliua. Ukipita sebuleni ungemsikia akinong'ona, "Haya, tunaingia Urambo," na kwenye kioo unaona watu wa makoti marefu wamesimama kwenye theluji hadi magotini. Kuzungumza na dereva treni ikiwa kwenye mwendo kulipigwa marufuku. Alifungua daftari la shule la kurasa themanini, akawa anaandika saa ya kuondoka, saa ya kufika, na mambo ya njiani. Nilimwona akinenepa uso. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Tatizo lilikuwa betri. Kaka aliiweka kompyuta kwenye nguvu kamili ili treni iende laini, na nguvu kamili inakula betri kama mgeni asiyejua kuwa chakula kilipimwa. Kompyuta yenyewe si mpya. Umeme wetu wa mchana nao hukatika bila kuaga. Kwa hiyo mara nyingi, katikati ya Urambo na Kaliua, kioo kinakuwa cheusi tu, na Baba anabaki amekaa, mikono juu ya magoti.

"Nimewaacha watu porini," aliniambia siku moja.

"Baba, si watu wa kweli."

"Najua si wa kweli. Unadhani mimi ni mwehu?" Akavua miwani, akaifuta. "Lakini dereva hateremki porini."

Na mimi nilikuwa na shida yangu. Jarida moja lilinipa nafasi ya kuandika makala ndefu kuhusu wapagazi wa njia ya zamani ya misafara, wale waliotembea kutoka pwani hadi hapa kwetu, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji, mizigo kichwani. Nilikuwa nimekwama aya ya pili. Kila nikikaa kuandika jioni, umeme hakuna, na kompyuta inanionyesha asilimia sita. Watu walivuka nchi nzima kwa miguu na mimi nashindwa kuwafikisha Dodoma kwa sababu baba yangu amemaliza betri akiendesha treni ya Wazungu. Nilijionea huruma sana. Ni kazi ninayoiweza.

Basi asubuhi moja Baba alipopanda baiskeli kwenda shambani kwake Ntalikwa, nilikaa nikaifungua ile sehemu ya kompyuta inayosimamia matumizi ya umeme. Ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unabonyeza alama ya betri kwenye kona, unakuta mstari wenye kitufe cha kuburuta: upande mmoja kompyuta inakimbia, upande wa pili betri inadumu. Nilikiburuta mpaka mwisho wa kudumu. Kisha, kwa kuwa mimi huwa sitosheki na kosa dogo, niliingia ndani zaidi, mahali unapoweza kuiamuru kompyuta isitumie zaidi ya nusu ya akili yake hata ikiwa kwenye chaja. Nikaiamuru. Nikapunguza na mwanga wa kioo. Nikafunga kila kitu na kwenda kumenya muhogo, nimeridhika kama mtu aliyetengeneza bomba lililokuwa likivuja.

Betri ilidumu karibu saa nne. Wapagazi wangu walifika Dodoma siku hiyohiyo, na mwisho wa wiki walikuwa wanaingia Tabora kwa ngoma.

Treni ya Baba ilianza kukatakata. Picha zilikwenda kwa kuruka, kama mtu anayepepesa macho. Mbaya zaidi ni breki: unabonyeza sasa, inashika baadaye kidogo. Kwa mtu kama mimi, ambaye treni zote huzigonga, tofauti hiyo haina maana. Kwa Baba ilikuwa na maana yote. Siku ya kwanza alipitiliza Urambo kwa urefu wa mabehewa matatu. Nilimsikia akinyamaza.

"Umeigusa hii mashine?" aliniuliza wakati wa chakula.

Nikatikisa kichwa. Naapa, na najua kiapo changu sasa kina thamani gani, kwamba mara ile ya kwanza sikuwa nimeunganisha mambo. Niliona nimegusa betri. Sikuona nimegusa treni.

Siku ya tatu alipouliza tena nilikuwa nimeshaelewa. Ningeweza kusema. Lakini makala ilibaki kurasa mbili, na kulikuwa na lile jambo jingine, dogo na la kijinga: nina miaka hamsini na moja na bado naogopa kugombezwa na baba yangu kwa kuchezea mashine anayoendeshea. "Baba, mimi nina muda wa kuchezea kompyuta?" nikamjibu, nikaondoka na sahani. Mara ya tatu ndiyo ile ya muhogo na wallahi. Baada ya wallahi hakuuliza tena. Baba ni mtu wa zamani. Ukiapa, anakuamini, na shauri limekwisha.

Makala niliipeleka. Mashine sikuirudisha ilivyokuwa, kwa sababu treni ikipona ghafla angejua. Nilijiambia nitairudisha polepole, kidogo kila siku, asigundue. Sikuwahi kuanza.

Wiki ya nne aliacha kuendesha. Hakutangaza, alasiri moja alirudi kutoka msikitini, akaipita meza, akaenda kukaa barazani. Shati safi halikuvaliwa tena. Nilianza kumwona akifanya mambo ya ajabu na mikono yake. Anamimina chai huku anautazama mkono wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Anadondosha sarafu makusudi na kuidaka. Siku nyingine nilimkuta uani ameishika baiskeli, mguu mmoja kwenye pedali, amesimama tu. Baadaye akaisukuma mpaka stoo, akaiegemeza ukutani na kuifunika gunia. Kwenda Ntalikwa aliacha.

Kisha kaka akanipigia simu.

"Mdogo wangu, umemfanyaje mzee?" Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Miaka minne namwomba ahamie huku, ananijibu ataoga bahari ya nini. Leo amenipigia mwenyewe. Anasema nimfuate."

"Amesema kwa nini?"

"Amesema tu umri umefika. Tumeshaanza kupaka rangi chumba cha uani. Baada ya mavuno nakuja na gari. Na wewe upumzike sasa, umebeba mzigo huo peke yako."

Sikuwa nimebeba mzigo wowote. Mkate ananunua yeye.

Nilikaa na simu mkononi. Baba kwenda Dar es Salaam hakukuwa jambo baya lenyewe. Kaka yangu ni mtoto mwema, wifi yangu anapika vizuri kuliko mimi. Lakini Baba alizaliwa hapa. Anaowasalimia njiani kwenda msikitini ndio wale aliosoma nao chuo cha Kurani, waliobaki, na Mama amezikwa hapa. Kama angeondoka kwa sababu amechoka na mji, ningemfungia mizigo. Nilitaka kujua kama anaondoka kwa sababu hiyo.

Daftari lake lilikuwa mezani bado. Nalo nililigusa bila ruhusa.

Lazima nieleze jambo moja la kazi yao. Zamani, dereva aliyepitiliza stesheni au ishara alitakiwa aandike maelezo siku ileile, kwa mkono wake. Anataja kila kitu kinachoweza kuwa chanzo, anakiondoa kimoja kimoja, na kinachobaki ndicho kosa. Baba aliwahi kutuambia kwamba dereva mzuri haogopi maelezo. Anaogopa kuandika uongo, kwa sababu kesho mwenzake atapita njia ileile na mashine ileile. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa ule mwandiko wake uliolala kulia, nilikuta hivi:

"Maelezo ya dereva. Nilikuwa nakaribia Urambo kwa mwendo wa kawaida. Nilifunga breki mahali pa siku zote. Treni imepitiliza, mabehewa matatu. Imetokea mara saba. Njia ilikuwa safi. Ishara niliziona. Macho yamepimwa, miwani inafaa. Mwenye mashine ameulizwa mara tatu, ameapa haijaguswa. Kwa hiyo chanzo ni dereva. Mikono imechelewa. Dereva anashauri aondolewe njiani, na baiskeli asipande, kabla hajaumiza mtu."

Chini ameweka sahihi yake, ile ndefu ya zamani, yenye mkia.

Nimesoma vitabu vingi maishani. Hakuna mstari ulionifanya nitafute pa kukaa kama ule wa mwenye mashine.

Nilimngoja barazani mpaka aliporudi kutoka swala ya adhuhuri. Nilikuwa nimetayarisha utangulizi wenye sehemu tatu, kama kawaida yangu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umenisalimia asubuhi. Kuna nini?"

Utangulizi ukapotea. "Kompyuta niliigusa mimi."

Akaketi. Alivua kofia akaiweka gotini. "Lini?"

"Wiki sita zilizopita. Siku ya Jumanne, ulipokwenda Ntalikwa."

"Saa ngapi?"

"Kama saa tatu asubuhi."

"Ulifanya nini? Taja kimoja kimoja."

Nikataja. Kitufe cha kuburuta. Nusu ya akili. Mwanga. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na alipouliza aliuliza maswali ya fundi: kompyuta ikinyimwa nguvu, nini kinachelewa kwanza, picha au breki? Vyote, nikasema. Na kwenye chaja je? Hata kwenye chaja, nikasema, niliizuia kote.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kwangu."

"Kompyuta ni yako," alisema. "Hilo sina neno nalo. Ungeniambia, 'Baba, nataka betri,' ningekupa. Ningeendesha siku za Ijumaa tu." Akaigeuza kofia gotini. "Lakini uliapa. Nimeketi hapa wiki sita naitazama mikono yangu, mayu. Nilikuwa nawahofia hata watoto wanaovuka barabara. Kwa nini uliapa?"

Nikasema sijui. Nikasema makala. Nikasema naogopa kugombezwa. Kila jibu lilikuwa dogo kuliko lile la kabla.

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na moja."

"Hamsini na moja," alirudia, kama mtu anayesoma namba ya behewa. "Kiapo cha uongo kina kafara yake. Utalisha masikini kumi. Utapika mwenyewe, usiagize hotelini. Na wali wako uupikie maji ya kutosha. Hao masikini hawajakukosea kitu."

Hapo ndipo nilipojua atanisamehe, ingawa hakusema.

Nikaingia ndani kuirudisha mashine ilivyokuwa. Alisimama nyuma yangu akitaka nimwonyeshe kila hatua. Nikarudisha kitufe upande wa kukimbia, nikaiachia kompyuta akili yake yote, nikachomeka chaja. Umeme siku hiyo ulikuwepo. Baba akaenda chumbani, akarudi amevaa shati safi.

Nikakaa kwenye kochi nisijihusishe. Treni iliondoka laini kama inateleza kwenye mafuta, bila kuruka hata picha moja. Usoke alisimama palepale panapotakiwa, mlango mbele ya abiria. Urambo, stesheni iliyomtesa, alisimama barabara. Nikataka kupiga makofi nikakumbuka marufuku ya kuzungumza na dereva. Kaliua alifunga breki, treni ikapunguza, ikapunguza, na ikapita mwisho wa jukwaa kwa nusu behewa.

Nikaruka. "Hiyo ni mashine, Baba! Bado haijakaa sawa, ngoja niangalie..."

"Kaa chini."

Nikakaa.

"Mashine ilikuwa nzima. Breki iliitika nilipoigusa. Nimechelewa mimi." Alisema bila huzuni, alikuwa anapima. Aliendesha njia ileile tena, na tena mara ya tatu, mimi nikiwa kwenye kochi nikijua kabisa kwamba hakuna ninaloweza kulirekebisha kwa kitufe. Mara moja alipitiliza kidogo Kaliua. Mara nyingine alisimama vizuri kote. Alipomaliza alifungua daftari, akachora mstari mmoja ulionyooka juu ya maelezo yale, akaandika mapya. Sikuyasoma. Safari hii nilingoja niambiwe, na sikuambiwa.

Akachukua simu yake, akampigia kaka yangu. Baba huweka sauti ya nje kila akipiga, kwa kuwa haamini kuwa kitu kidogo namna ile kinaweza kuongea na sikio moja tu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wanamsubiri babu yao. Rangi imekauka. Tumeweka na feni."

"Sikiliza. Siji kuhama."

Nyuma ya kaka ilisikika honi ya gari. "Baba, si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema. Nilikuwa na taarifa mbovu."

"Taarifa gani? Nani amekupa taarifa?"

Baba alinitazama. Nikatazama sakafu. "Imesharekebishwa," alisema. "Nakueleza nilipofikia. Macho yangu mazima. Kichwa kizima. Mkono umechelewa kidogo, si sana. Baiskeli sipandi tena, hilo nimelikata mwenyewe. Ntalikwa nitakwenda kwa bajaji. Kosa la dereva lipo, lakini si la kumfukuzisha kazi."

"Na ukianguka huko peke yako?"

"Siko peke yangu, niko na mdogo wako."

"Huyo!" alisema kaka, na hakuendelea, kwa sababu alijua namsikia.

"Anajifunza," alisema Baba.

Kaka alivuta pumzi. Nilimjua, alikuwa anatafuta hoja nyingine na haioni. "Sasa feni tumfungie nani, Baba?"

"Wageni. Nitakuja kuwatembelea, nitalala chini yake wiki mbili. Halafu nitarudi kwangu."

"Haya, Baba. Basi mimi nitakuja huko mwisho wa mwaka, na watoto."

"Njoo. Lakini gari liache huko. Walete kwa treni, waione njia."

"Safari ndefu, Baba. Watachoka."

"Watalala," alisema Baba, akakata simu.